Nilivyotafuta ala ya sime kutoka Tarime hadi Mugumu

Kaka yangu wa Tarime alinipigia simu wiki ya mwisho ya Novemba. Ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka tu, hakuna cha binamu. Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 14, alikuwa anaingia jandoni Desemba, na shangazi asije mikono mitupu. Nilimuuliza mtoto anataka nini. Nilidhani nitaambiwa simu au viatu.

"Sime anayo, ya babu yake," kaka akasema. "Haina ala. Ile ya zamani ililiwa na panya. Mtafutie ala nzuri, mura aonekane."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: mura ni kijana wa kiume, na ala ni nyumba ya kisu. Sime ni upanga mfupi wenye makali pande mbili, mwembamba karibu na mpini, unaopanuka kuelekea nchani. Wengi wameuona kiunoni kwa Wamaasai, katika ala nyekundu ya ngozi. Lakini majirani wa Wamaasai nao waliuchukua zamani kwa kupigana nao, kufanya nao biashara na kuoana nao. Katika nyumba nyingi za Mara sime ya babu bado ipo, imechomekwa juu ya boriti, imeshika kutu.

Kabla ya kukata simu nilisikia sauti ndogo nyuma yake. Alikuwa mdogo wake yule kijana, msichana wa miaka 12, darasa la sita. "Shangazi, na mimi utaniletea nini?"

Nilicheka nikamwambia atajua nikifika. Baada ya kukata simu nilikaa kimya kitambo. Mwaka huu unagawanyika kwa mbili, na sisi tulio na asili ya Tarime tunajua maana yake. Msimu wa tohara wa koo nyingi za Wakurya huangukia miaka ya namna hiyo, Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wavulana hupelekwa. Na pamoja na sheria yote iliyopo, wapo wasichana ambao nao hupelekwa.

Mimi nilikulia Mwanza. Baba alikuwa mwalimu, na likizo za Desemba alikuwa hakosi sababu ya kutotupeleka kijijini: mara nauli, mara malaria, mara twisheni. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ile twisheni ndiyo iliyoniokoa.

Basi la kwenda Sirari liliondoka Mwanza alfajiri. Bunda, Makutano, kisha daraja la Kirumi ambapo Mto Mara unakaribia Ziwa Victoria na mafunjo yamejaa kushoto na kulia. Ukishapanda kuelekea Tarime hewa inabadilika. Watu wanavaa makoti saa sita mchana, migomba imesimama hadi mlangoni mwa nyumba, na lugha ndani ya basi inageuka kuwa Kikurya, lugha ambayo msikilizaji mgeni hudhani watu wanagombana hata wanapoulizana habari za ng'ombe.

Sokoni Tarime nilizunguka saa nzima nikiuliza ala. Mapanga yapo kila mahali, yamepangwa juu ya turubai kama samaki, mengi yakiwa na alama ya mamba. Chapa hiyo ya mamba ni ya kampuni ya Ralph Martindale, iliyoanzia Birmingham, Uingereza, na mapanga yake yamelima na kufyeka Afrika Mashariki kwa vizazi. Wahunzi wengi wa sime za siku hizi huanza na panga kama hilo, wakalikata, wakalifua na kulitia makali ya pili. Kwa hiyo sime ya "asili" unayomuuzia mtalii huenda ilizaliwa Uingereza. Sioni ubaya. Vitu husafiri.

Lakini ala hakuna. Panga likinunuliwa linafungwa kwa gazeti (labda hili hili unalosoma) na kuondoka kwenye pikipiki, makali nje. Nilimwona mama mmoja amepakiwa nyuma ya bodaboda, mtoto mgongoni, panga jipya mkononi limeelekea kwenye paja la dereva. Nimeandika habari za afya kwa miaka minne sasa, na macho yangu yameharibika: nikiona panga, naona wodi ya majeruhi. Naona kano za vidole zilizokatwa, ambazo zisiposhonwa mapema na mtaalamu mkono haufumbi tena. Sifa mbaya ya Tarime na mapanga inajulikana. Mapigano ya koo na wizi wa ng'ombe yalifika mahali Tarime na Rorya zikapewa mkoa wake wa kipolisi. Ila majeraha mengi ya nyumbani hayana ugomvi wowote ndani yake. Ni mtoto aliyeteleza, ni panga lililoanguka kutoka darini, ni mtu aliyelikalia gizani.

Fundi wa katambuga karibu na stendi ndiye aliyenielekeza. Alikuwa anachonga tairi bila kuniangalia. "Ala? Dada, siku hizi nani anavalisha panga? Nenda Mugumu. Huko wanawashonea Wazungu."

Mugumu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Gari ndogo niliyopanda ilipita Nyamwaga, ikapita Nyamongo penye mgodi wa North Mara, vilima vya kifusi vikiwa virefu kuliko vilima vya Mungu (hiyo ni makala nyingine), ikavuka Mto Mara na kuingia nchi iliyo wazi zaidi, kavu zaidi, ya nyasi na migunga. Huku jamii zimechanganyika: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, na Wamaasai wanaopita na mifugo na dawa zao. Mwendo mfupi kusini kuna Robanda, kijiji cha Waikoma jirani na lango la hifadhi, ambako magari ya watalii hupita kila siku. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na tangu hapo, mtu wa hapa mwenye ufundi wa mikono amekuwa na wateja wa aina mbili: jirani yake na mgeni.

Fundi wangu nilimkuta chini ya paa la bati nyuma ya soko la Mugumu. Jina lake ameomba nisiliandike, nami sitaliandika. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, Mwikoma kwa baba, na mama yake, alisema, alitoka upande wa Wamaasai. Nilimwamkia shikamoo, nikamtolea sime ya babu niliyokuwa nimeichukua kwa kaka nilipopita Tarime, imeviringishwa kwenye kanga. Aliishika kwa viganja viwili kama anayepokea mtoto mchanga. Akaipiga kwa ukucha, akasikiliza.

"Hii siyo panga la duka," akasema. "Hii ilifuliwa."

Alinieleza jinsi ala inavyotengenezwa, na nilibaki nimeketi pale kwa siku mbili. Kwanza vipande viwili vya mti mwepesi, vinachongwa ndani kufuata umbo la bapa, ili sime iingie bila kulegea wala kukaza. Kisha ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa, inashonwa ikiwa bado na maji. Inapokauka inajikaza yenyewe na kuubana ule mti kuliko gundi yoyote. Kisha rangi nyekundu. Kisha mkanda. Kazi ya jando inaongezewa shanga: mstari wa shanga mdomoni mwa ala, mwingine katikati, na mapindo machache yanayoning'inia ili kijana akitembea visikike.

"Tatizo la ala ni huku," akanionyesha ncha. Sime huchomekwa kwa nguvu, mara elfu, na kila mara ncha inagonga mahali palepale. Siku moja inatoboa. Hapo ndipo mtu anaketi na kuchomwa pajani na kisu alichodhani kimelala. Ndiyo maana, alisema, ala ya mtu mzima huvishwa ncha ya chuma. Yeye hukunja kipande cha bati.

Hapo akakumbuka jambo, akatoa simu yake. Mgeni mmoja aliyelala kwenye hoteli za huko hifadhini alimtumia picha na kumuuliza kama anaweza kutengeneza kitu kama hicho. Nilitazama. Ilikuwa ala ya upanga kutoka India. Ngozi yake ilifunikwa kitambaa cha mahameli, lakini mdomo wake na ncha yake vilikuwa vya madini, vimejaa maua: majani ya kijani, petali nyekundu, ndege wa buluu kwenye weupe unaong'aa kama umelowa maji.

"Hii rangi," mzee akaniuliza, "wameipakaje isibanduke? Nimejaribu rangi ya gari. Nimejaribu rangi ya kucha ya mke wangu, akanigombeza. Zote zinachubuka."

Usiku ule nyumba ya wageni ilikuwa na umeme na mtandao, nikasoma. Neno enameli mimi nililijua kwa madaktari wa meno: ni lile gamba gumu la juu la jino. Kumbe ni neno la masonara kabla ya kuwa la meno, na Wahindi kazi hiyo huiita mina. Sonara huchonga vishimo katika dhahabu, fedha au shaba kwa kufuata mchoro wa ua. Vishimo hivyo hujazwa unga wa kioo uliochanganywa na madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani, bati jeupe hufanya weupe usiopenya mwanga. Kisha kitu chote kinaingizwa tanuruni, kwenye joto la digrii mia saba hadi mia nane na zaidi, unga uyeyuke ushikane na madini. Rangi hazichomwi pamoja. Inayovumilia moto zaidi hutangulia, na nyekundu, iliyo ngumu kuliko zote, husubiri mwisho. Ukikosea hatua ya mwisho umepoteza kazi ya wiki.

Mji uliovuma kwa kazi hiyo ni Jaipur. Husimuliwa kwamba Man Singh, mtawala wa Amber, aliwaleta mafundi wa mina kutoka Lahore katika karne ya 16. Mwaka 1875 na 1876, mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, alipozunguka India, watawala wa huko walimzawadia silaha na vyombo vingi vya namna hiyo, na hadi leo vimo katika hazina ya kifalme ya Uingereza. Nilizikuza picha zake kwenye simu hadi zikapasuka. Kilichonishangaza ni mahali fundi alipoweka kazi yake. Bapa mara nyingi ni chuma kitupu. Maua yamewekwa kwenye mpini, mdomoni mwa ala na nchani mwake, yaani kwenye sehemu zinazomkinga mtu na makali. Nami nilikuwa nimeketi mchana kutwa na mzee wa Mugumu akinieleza kwamba shughuli yote iko nchani.

Asubuhi nilimpelekea maelezo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni kioo," akasema.

"Ni kioo, mzee."

Akavuta kopo la shanga na kulimwaga juu ya ubao. "Na hizi?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Shanga nazo ni kioo, kioo kilekile kinachotiwa rangi kwa madini yaleyale. Na kwa karne nyingi zilitoka upande uleule: shanga za kioo kutoka India zimechimbuliwa na waakiolojia Kilwa na kwingineko pwani, zilizofika na majahazi ya pepo za kaskazi. Baadaye zikaja za Venice, zile nyekundu ambazo wafanyabiashara wa Zanzibar waliziita samesame, na misafara ikazibeba hadi bara. Za sasa mzee hununua Arusha, na zilizo bora hutoka Jamhuri ya Czech. Mhindi alikiyeyusha kioo juu ya dhahabu. Babu wa Mara akakipokea kikiwa kimetobolewa, akakishona juu ya ngozi. Wote wawili walikuwa wanapamba kitu kimoja.

Ila mzee alikuwa na la kwake. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha enameli, vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu ambavyo kila bibi anavyo, kimetoboka kitako. "Hiki nacho?" Nikamwambia ndiyo, hiki nacho ni kioo juu ya chuma. Macho yake yalicheka. Akakata kipande kwa mkasi wa bati, akakiweka juu ya nchani mwa ala na kukikunja kwa nyundo.

Weupe wote ukaruka. Vigae vidogo vilitawanyika kama maganda ya yai, kimoja kikanipiga shavuni. Nikashtuka nikamwambia afumbe macho, kioo kikiingia jichoni ni safari ya hospitali. Tulicheka baadaye. Kioo hakikunjiki. Mhindi hutengeneza umbo kwanza, akapaka kioo, akachoma. Akishachoma hagongi tena. Mzee alikichunguza kipande kile kilichobaki na buluu kidogo pembeni, akasema, "Basi lazima kwanza niwe na umbo." Nikaelewa kwamba nimemwachia ugonjwa. Mtu wa miaka sitini na kitu anawaza kujenga tanuru.

Nilipokuwa pale aliingia kijana amefunga mkono kwa kitenge kilichojaa damu. Alikuwa anakata kamba kwenye ghala la jirani, panga likateleza. Mtu mmoja tayari alikuwa amebeba majivu kiganjani. Msomaji, hili nimeshaliandika mara nyingi na nitaliandika tena: jeraha halitiwi majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala mafuta ya taa. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kinyesi. Ukivitia ndani ya nyama umevipandia shambani. Bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni damu ikitulia, kisha nenda kituo cha afya, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Jaribu kusogeza kila kidole. Kisichosogea, mwambie mganga. Na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kijana alipandishwa pikipiki, mkono juu kama anayeapa.

Mzee alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, akiendelea kushona, "Kisu kisicho na ala ni cha kila mtu."

Siku ya pili mchana ala ilikuwa karibu kukamilika. Nyekundu, shanga nyeupe na buluu mdomoni, ncha ya bati lililokunjwa mara mbili. Hapo ndipo mkewe, aliyekuwa amekaa nje anatunga shanga, aliponionyesha kazi nyingine iliyokuwa kwenye ungo. Mikufu, mikanda ya kichwani, bangili. Za msimu, alisema. Za mabinti.

Nilizishika. Shanga zilezile za kwenye ala, nyeupe na buluu, zimetungwa na mikono ileile, na sikujua niseme nini. Katika msimu, binti aliyekeketwa hurudi nyumbani akipitishwa njiani kwa nyimbo, amevalishwa kanga mpya na shanga, watu wakimbandika noti. Nimezungumza na wanawake waliopita humo. Wengi husema jambo linalofanana: walikumbuka mapambo kabla ya kukumbuka maumivu, na kwa miaka mingi hayo mapambo yaliwanyima maneno ya kusimulia yale mengine. Ala ya kijana inafunika makali ili yasimdhuru mtu. Mapambo ya binti yanawekwa baada ya makali kupita, na yanachofunika ni kidonda. Hapo mimi nasimama upande mmoja, na sijifichi nyuma ya uandishi wa habari. Mila ya kuvisha kisu naipenda. Hii nyingine siipendi.

Na siyo suala la kupenda tu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 28,000 waliojifungua katika nchi 6 za Afrika, ulionyesha kwamba waliokeketwa walikuwa na hatari zaidi ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na kuhitaji upasuaji, na watoto wao walikuwa na hatari zaidi ya kufa wakati wa kuzaliwa au mara baada yake. Tohara ya mvulana ikifanywa na mtaalamu, kwa ganzi na vifaa safi, ina faida inayojulikana, ikiwemo kupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Ukeketaji hauna faida hata moja ya kiafya. Kuviita vyote viwili tohara ni kuvivisha ala moja.

Sheria ipo tangu mwaka 1998: anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Mara asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 8. Imeshuka kutoka asilimia 32 ya utafiti wa 2015 na 2016. Imeshuka, lakini polepole kuliko watoto wanavyokua.

Katika mji huohuo wa Mugumu kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly, ambaye amesimulia hadharani jinsi yeye mwenyewe alivyokeketwa akiwa na miaka 13 na kunusurika kufa kwa kutokwa damu. Wasichana hukimbilia huko kabla ya msimu, wengine usiku, wengine kwa miguu. Vijiji vingi havikuwa hata kwenye ramani, hivyo watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakivichora ili gari la kumfuata binti lijue pa kwenda. Upande wa Tarime kuna kituo cha Masanga, ambako kila msimu mamia ya wasichana huweka kambi, husoma, hucheza, na hurudishwa kwao hatari ikiisha.

Mke wa fundi aliniuliza kama nanunua mkufu. Nilimuuliza kama anamjua atakayeuvaa. "Anayelipa ndiye anayejua," akanijibu, siyo kwa ukali. Ni biashara yake. Mwezi wa Desemba ndio unaolipa ada ya Januari. Nilinunua bangili moja ya shanga, ndogo, ya mkono wa mtoto. Ala ilinigharimu shilingi 35,000, na mzee alikataa nisipunguze wala nisiongeze. Aliirudisha sime ndani, ikaingia kwa mlio laini. Hakuwa ameinoa. "Kazi yake siku hizi ni kuning'inia," akasema. "Akitaka kukata mti, ana panga."

Nilifika kwa kaka jioni ya siku iliyofuata. Kijana alikuwa ameshatahiriwa asubuhi katika kituo cha afya, kwa ganzi, wazee wakisubiri nje ya uzio na nyimbo zao. Alikuwa ameketi juu ya kiti cha baba yake, kanga kiunoni, anajikaza asicheke kwa sababu akicheka inauma. Nilimpa ala. Aliitazama, akapitisha kidole kwenye shanga, akaitingisha ili mapindo yalie. Wanaume walisogea kuishika mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja aliigeuza akaibonyeza nchani kwa dole gumba. "Huyu alijua," akasema.

Bibi alikuwa jikoni. Bibi yetu ana miaka themanini na zaidi, na hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake halijui. Nilikwenda kumwamkia. Mjukuu wake wa kike alikuwa pembeni anamenya ndizi, na nilipomvisha bangili aliinyoosha mikono yote miwili, mmoja wenye bangili na mwingine mtupu, akalinganisha.

Nilikuwa nimezungumza na kaka mlangoni. Aliniambia kwamba wao hawakeketi, hayo yamepitwa na wakati, nisiwe na wasiwasi. Nilimwamini yeye. Sikuamini msimu: jirani, shangazi wa upande mwingine, wenzake wa darasani wanaomwita majina, mwaliko wa usiku mmoja. Nikamwomba mtoto aje Mwanza likizo yote. Twisheni, nilisema. Hesabu zake si nzuri. Kaka alinitazama, akaitazama nyumba ya jikoni, akasema niongee na mama, yaani bibi.

"Bibi, nataka kuondoka na huyu," nikasema.

Aliendelea kukoroga sufuria.

"Utamrudisha lini?"

"Shule zikifunguliwa."

"Baada ya msimu."

"Ndiyo, bibi. Baada ya msimu."

Alifunika sufuria. Akauchukua mkono wa mtoto, akaizungusha ile bangili polepole akihesabu shanga kwa kidole, kisha akaingia chumbani kwake. Alitoka na sweta. "Mwanza kuna joto," akamwambia, "lakini basi la alfajiri lina baridi."